Vikopo vya Kijiti

Jumatatu, Machi 4

Katika mji huu mzima hakuna mtu anayebeba mavi kwa hadhi kama mimi. Sitii chumvi. Wapo wanaobeba mizigo, wapo wanaobeba umbeya, wapo wanaobeba vyeo vya baba zao. Mimi nabeba kikopo kimoja cha plastiki chenye kifuniko chekundu, kimekumbatiwa na barafu ndani ya mfuko wa begani, na nikikatiza mtaani watu wananipisha wakidhani nimetumwa na benki. Kifua mbele, shingo imenyooka. Leo wanawake wawili wamenisalimia kabla sijawasalimia.

Mavi yenyewe si yangu. Ni ya mdogo wangu wa kike ninayemwita Kijiti, kwa sababu akisimama kando ya ufagio unaweza kukosea ukamshika yeye. Ana miaka kumi. Tangu mwaka jana utumbo wake unavimba kwa ndani, unatoa damu, na yeye anakimbilia chooni kutwa kucha. Daktari alitutajia jina la ugonjwa mara tatu na mama akaitikia mara tatu bila kulishika. Nilichoshika mimi ni hiki: askari wa mwili wake wamechanganyikiwa, wanaupiga utumbo wao wenyewe wakidhani ni mwizi. Hauambukizi. Hauondoki, lakini hutulizwa.

Mwaka jana walimwingiza kamera. Alishindishwa njaa, akanyweshwa dawa ya kuharisha mpaka akawa anatoa maji matupu, halafu akalazwa usingizi na kamera ikapitishwa kwa nyuma. Alipoamka hakusema na mtu siku mbili. Ndiyo maana sasa daktari anamfuatilia kwa njia ya upole. Kila baada ya wiki mbili tunapeleka choo, maabara wanapima kitu kinachovuja kutoka kwenye utumbo uliovimba, inatoka namba. Namba ikiwa juu, moto unawaka. Ikiwa chini, moto umepoa. Na mara moja kwa mwezi kuna mashine ya picha, ile ya kupakwa jeli tumboni, wanatazama unene wa ukuta wa utumbo. Namba zikishuka, vidonge vinavyomvimbisha mashavu vitapunguzwa na kamera itasahauliwa. Zikikataa kushuka, kamera inarudi.

Hicho ndicho ninachobeba. Hospitalini wanakiita sampuli. Mama anaita haja. Mimi naita mavi, na naandika haya kwenye daftari la Jiografia lililoishia nusu, sawasawa na shule yangu.

Jumatano, Machi 6

Mvua imeanza. Kazi yangu ni kuosha magari karibu na kituo cha mafuta, na hakuna mwendawazimu atakayelipia maji wakati mbingu inaosha bure. Tumecheza drafti kutwa. Nimewafunga wote pamoja na bosi, ambaye baada ya kufungwa akakumbuka kwamba ndoo zinahitaji kusuguliwa.

Ijumaa, Machi 8

Majibu: 1,240. Daktari anataka chini ya 250, na akipata chini ya 100 atafurahi. Mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akaniuliza kama hiyo ni nyingi. Nikamwambia, mama, ingekuwa mshahara tungehamia ghorofani. Hakucheka. Kijiti alicheka, akajishika tumbo, akakimbia.

Jumapili, Machi 10

Mvua.

Ijumaa, Machi 15

Mama hajalala vizuri tangu mwaka jana. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani inalia mchana kutwa, na usiku Kijiti akiinuka naye anainuka, anasimama nje ya mlango wa choo na taulo begani kama mhudumu wa hoteli. Nilimwambia apumzike, zamu nitashika mimi. Akasema mimi nikilala hata nyumba ikihamishwa nitaamkia kwa majirani. Huo ni uongo. Kiasi.

Leo Kijiti alirudi shuleni kimya. Nikamchokoza wee, mwishowe akasema darasani wanamwita Puto. Ni vile vidonge: mwili kijiti, mashavu kama ya mtu anayepuliza moto. Nikamfundisha matusi matatu ya kuwajibu, yaliyochaguliwa vizuri. Akayasikiliza yote kwa heshima, kisha akasema, "Kaka, mimi nataka uso wangu tu."

Nilikosa la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kuandikwa.

Jioni akaja Tembo, mtoto wa jirani tunayepakana naye ukuta. Wapo darasa moja. Kijiti anamfanyia hesabu, yeye anambebea mkoba. Ni mtoto mwema, mnene, mpole, ila yeye na hesabu bado hawajatambulishwa.

Jumatatu, Machi 18

Barabara ya chini imejaa maji. Nilizunguka kwa juu kwenye matope, viatu mkononi, mfuko kichwani. Nilipofika maabara barafu imekuwa supu na muda umepita. Pale dirishani anakaa mzee mmoja mwenye miwani ya kamba. Mimi namwita Bwana Vikopo. Sheria zake anazipenda kuliko wajukuu: choo cha kwanza cha asubuhi, kiandikwe saa, kifike cha baridi, kabla ya saa nne. Alikigusa kikopo kwa kidole kimoja kama anampima mtu homa.

"Kina joto."

"Shikamoo mzee wangu. Nimevuka mto hapo nyuma."

"Marahaba. Kina joto. Lete kingine kesho."

Nikamwambia haya si maziwa, hayachachi. Akanisukumia kikopo kipya chini ya kioo bila kuninyanyulia macho. Nilimtukana njia nzima, kimoyomoyo na kwa ustadi.

Ubaya haukuwa kutembea. Ubaya ulikuwa kumwambia Kijiti kwamba itabidi arudie. Alisimama mlangoni na sare yake, machozi yakamtoka bila sauti. Anasema kila mara anaona kama hospitali nzima imekusanyika kuchungulia kikopo chake. Mama akambembeleza, akamwambia mwanangu, wale ni watu wazima, wameshazoea.

"Mimi sijazoea," akasema Kijiti.

Jumanne, Machi 19

Nimepeleka. Kimepokelewa. Hakunitazama leo pia.

Jumatatu, Machi 25

Ilikuwa siku ya picha. Tumekuta chumba cha mashine kina maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, mafundi wanakokota nyaya, muuguzi mmoja kasimama juu ya kiti anatoa amri. Tukaambiwa turudi mwezi ujao. Kijiti hakuwa amekula tangu jana kwa ajili ya hiyo picha. Nikamnunulia mkate, akaushika mpaka nyumbani kama amepewa autunze.

Alhamisi, Machi 28

Kliniki. Daktari ni mwanamke mfupi anayevaa raba, na akiongea na Kijiti anachuchumaa ili macho yalingane. Namba ya safari hii ni 1,110. Akasema imeshuka, lakini ni kama mtu aliyeshuka ngazi moja akiwa ghorofa ya kumi. Namba mbili zijazo zisiposhuka kweli, itabidi amtazame kwa kamera na kubadilisha dawa. Hakumficha mtoto, na kwa hilo nilimheshimu. Kijiti alitikisa kichwa kama mtu mzima aliyetajiwa bei mbaya sokoni.

Njiani, wawili chini ya mwavuli mmoja, akaniuliza namba yangu mimi ingekuwa ngapi. Nikajipiga kifua. Nikamwambia utumbo wangu ni chuma cha pua, mashine ingetoa sifuri na kuomba radhi kwa usumbufu. Akauliza, na ya mtoto asiyeumwa? Nikasema hata Tembo na lile tumbo lake, hamsini hafiki.

Akanyamaza mpaka nyumbani. Nilidhani ni kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, Aprili 1

Nimepeleka kikopo. Kimefika cha baridi, saa imeandikwa. Bwana Vikopo hakupata cha kusema. Nimechoka.

Ijumaa, Aprili 5

160.

Nimeiacha peke yake kwenye mstari ili ikae kwa raha. Daktari alipiga simu mwenyewe. Mama akasikiliza, akasema asante, asante daktari, akakata, akaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nilidhani amezidiwa. Kumbe anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona magego ya mama. Akamvuta Kijiti, akanivuta na mimi, akasema miguu yangu ndiyo imeleta heri hii. Nikakubali, mimi sikatai sifa. Kijiti alikuwa amebanwa katikati yetu, anaitazama cherehani.

Daktari amesema tusianze kupiga vigelegele. Anasubiri namba ya pili.

Jumapili, Aprili 7

Mama amelala mpaka jua likatoka. Tulitembea kwa ncha za vidole. Hata mvua ilinyesha kwa adabu.

Jumatano, Aprili 10

Kijiti akiingia chooni siku hizi anafungulia bomba, ndoo inajaa inafurika. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema hataki tumsikie, amekua. Mama akamwambia haya, bibi mkubwa. Mimi nikamkumbusha kwamba maji yanalipiwa. Akanitolea ulimi.

Jumatatu, Aprili 15

Nimepeleka.

Ijumaa, Aprili 19

70. Kliniki ilikuwa kama sherehe, ila sherehe yenye mtu mmoja ambaye hajala. Daktari aliisoma karatasi, akaisoma tena. Akasema angependa sana kuona na picha, lakini mashine iliyolowa imepelekwa kwa mafundi na ya hospitali nyingine ina foleni mpaka katikati ya mwaka. Akamuuliza Kijiti maswali yake yote, yule amechuchumaa, huyu kaketi juu ya kitanda.

Tumbo linauma usiku? Hapana. Unaona damu? Hapana. Unakula? Ndiyo, daktari. Akampima uzito, haukupungua. Mwishowe akasema vidonge vipungue nusu.

Mama akamshukuru kama mtu aliyerudishiwa nyumba. Njia nzima alikuwa akimpangia Kijiti mambo ya mwaka ujao, safari kwa shangazi, gauni. Kijiti akasema ndiyo mama, ndiyo mama, na mara mbili akaomba tupumzike. Nikamtania kwamba mtu mwenye namba 70 hachoki. Akainuka akatembea.

Alhamisi, Aprili 25

Mashavu yamepungua. Kijiti alisimama mbele ya kioo cha mama akajigusa kidevu kama anamtambua mtu. Shuleni hawamwiti Puto tena, wamehamia kwa mwingine. Nimemwambia sasa anafanana na mimi. Akasema basi heri arudishiwe vidonge. Mdomo anao, huyu mtoto. Amejifunza kwa nani sijui.

Lakini hakumaliza sahani yake. Alisukuma chakula pembeni akatengeneza kilima kidogo ili kionekane kimeliwa. Niliona. Mama alikuwa anaimba jikoni.

Jumatatu, Aprili 29

Nimepeleka. Matope yamenifika magotini. Bosi ananiuliza kila baada ya wiki mbili huwa naenda wapi na mfuko. Nimemwambia nina mchumba hospitalini.

Ijumaa, Mei 3

45. Namba ya mtu asiyeumwa kabisa. Bwana Vikopo alinipa karatasi kwa mkono wake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Akasema, "Mwambie mtoto hongera." Kumbe ana meno mazuri. Nimempunguzia matusi aliyokuwa ananidai.

Vidonge vinapungua tena.

Jumatatu, Mei 6

Mvua. Kijiti hakwenda shule, amesema ni mafua. Mama amemwekea maji ya moto. Mimi nimemsimulia vituko vya kazini, vya kweli na vya kutunga, amecheka kwa mdomo tu.

Alhamisi, Mei 9

Sijui nianzie wapi.

Saa saba mchana nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wenzangu. Nikamwona Tembo anakuja mbio kwenye mvua. Tembo hakimbii. Shuleni kengele ikilia wenzake wanakwenda mbio, yeye anafuata. Alipofika alishika magoti yake, akashindwa kupata pumzi, akasema tu, "Ameanguka chooni. Mwalimu anakuita."

Nilimkuta Kijiti kwenye kiti cha chumba cha walimu, amefunikwa kanga ya mwalimu, uso rangi ya majivu. Sketi ambayo mama ameishona kwa mikono yake ilikuwa imelowa damu nyuma. Alinitazama akasema, "Usimwambie mama." Nikamwambia sawa, mama hatajua, tutamwambia umeshinda bahati nasibu. Hakucheka, na mimi sikujua nasema nini.

Hakuna gari lililokuwa linapita barabara ya chini. Nikambeba mgongoni. Hapo ndipo nilipojua. Unaweza kuishi na mtu nyumba moja, ukamwona kila siku, ukamwita kijiti kila siku, usijue kwamba kweli hana uzito. Nilikuwa nabeba sare, mifupa na joto. Alikuwa na homa, nikaisikia shingoni kwangu. Kila tulipopita dimbwi nilimwambia jina la dimbwi, hili ni bahari kuu, hili ni ziwa, ili asilale. Alikuwa anaitikia kwa kugonga bega langu. Karibu na hospitali akaacha kugonga. Nilikimbia.

Mama alifika na uzi bado umenasa kwenye blauzi yake. Sikumwambia neno. Alimwona.

Daktari alikuja na raba zake zimelowa. Akaagiza dripu, akaagiza damu, kisha akauliza mashine ya picha. Bado haijarudi kwa mafundi. Akasimama kidogo, akatoka, na baada ya muda akarudi akiisukuma mwenyewe mashine ndogo aliyoiazima wodi ya wazazi, ile wanayotazamia watoto walio tumboni. Akampaka Kijiti jeli. Akatembeza kile kidude taratibu upande wa kulia, chini, akarudi, akabonyeza, akapima kwa mistari kwenye kioo. Mimi nilisimama nyuma yake. Kioo kilikuwa na vivuli tu, lakini alinionyesha: ukuta wa utumbo, ambao kwa mtoto hautakiwi kuzidi milimita tatu, kwake umefika saba. Na mahali pamoja njia imebana kama mrija uliokanyagwa.

Akaitazama karatasi yenye 45. Akakitazama kioo. Akaitazama karatasi. Alimfuta Kijiti jeli kwa kitambaa, polepole, mpaka pakavu kabisa.

Ijumaa, Mei 10

Homa imeshuka kidogo. Asubuhi daktari alikuja bila koti, akachuchumaa kando ya kitanda. Mama alikuwa upande wa pili, mimi dirishani. Akamwambia Kijiti kwamba hatakasirika, ila anahitaji kujua ili achague dawa sawasawa.

"Vile vikopo vitatu vya mwisho vilikuwa vyako?"

Kijiti akatazama dari. Ile dripu ikadondoka wee.

"Vya Tembo," akasema.

Alianza mwenyewe kueleza, kwa sauti ndogo, bila kulia, kama mtu anayesoma somo. Kwamba alimfanyia Tembo hesabu zote za muhula, na Tembo akampa. Kwamba Tembo alidhani ni mchezo. Kwamba siku ya kupimwa uzito alikunywa maji chupa mbili kwenye bomba la hospitali kabla ya kuingia. Kwamba damu haikukoma kamwe, ikazidi vidonge vilipopunguzwa, na bomba alilifungulia ili tusisikie. Angekuwa mtu mwingine ningempongeza kwa akili.

Daktari akamuuliza Kijiti kwa nini. Aliuliza kwa upole sana.

"Nilitaka uso wangu. Na kamera sikuitaka." Akajivutia shuka. "Na mama alikuwa ameanza kulala."

Mama alitoka nje. Nilimsikia kwenye korido. Sikumfuata.

Jumapili, Mei 12

Kila mtu amekuja kuchukua fungu lake la kosa, kama watu wanaogawana mzigo baada ya lori kupinduka.

Mama wa Tembo kamleta mwanawe kwa sikio. Tembo alilia mpaka wagonjwa wa kitanda cha pili wakamwonea huruma, na Kijiti ndiye aliyembembeleza, na dripu yake mkononi. Daktari alimwambia mama kwamba yeye ndiye aliyepunguza vidonge bila picha, angetafuta ile mashine ya wazazi mwezi mmoja mapema, kipimo cha choo peke yake hakitoshi. Alisema hivyo amesimama wima, hakujitetea. Mama naye anasema yeye ni mama, mama gani asiyechungulia choo cha mtoto mgonjwa, alijiachia usingizi. Anarudia hilo neno, usingizi, kana kwamba ameiba.

Jioni akapanda ngazi hata Bwana Vikopo. Sikumtambua bila kile kioo chake, ni mfupi, anachechemea. Alisimama miguuni pa kitanda na miwani mkononi. Akaniambia kwamba kikopo cha Aprili mosi kilimshangaza. Miaka yote ile dirishani anajua choo cha mgonjwa wa aina hii kilivyo, na kile hakikuwa hivyo. Akadhani dawa imefanya kazi, akafurahi, akapiga muhuri. Akasema, "Ningekuuliza, kijana wangu. Wewe ulikuwa hapo hapo mbele yangu."

Nikamwambia asijilaumu, mzee wangu. Nikamsindikiza mpaka chini nimemshika mkono.

Mimi peke yangu sikuchukua fungu. Nilikuwa nawapa watu viti.

Jumanne, Mei 14

Kamera imefanyika. Kijiti mwenyewe alisema ndiyo. Alikunywa ile dawa yote, kikombe baada ya kikombe, mimi nikihesabu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, akaniambia kaka, leo nyamaza. Nikanyamaza.

Uvimbe watautuliza kwa dawa mpya ya dripu. Lakini pale palipobana pamefanyika kovu, na kovu halitulizwi na dawa. Huenda mbele ya safari wakalazimika kukata kipande. Daktari alisema wangewahi mwezi wa nne pengine kovu lisingekuwepo. Alisema pengine. Mama alilishika hilo neno, na mimi niliona alivyolishika.

Alhamisi, Mei 16

Dripu ya kwanza. Kijiti amekula nusu sahani, hakutengeneza kilima.

Jumamosi, Mei 18

Mvua imekatika. Magari yamekuja na matope mpaka kwenye vioo, foleni imefika barabarani, bosi ananiita mwanangu. Nimeosha mpaka mikono imekunjamana. Nilitaka kuchoka kwa kitu kingine.

Jumapili, Mei 19

Kijiti amerudi nyumbani. Mama alimlaza, akakaa na mimi mlangoni. Hakuwa na uzi mkononi wala sindano. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa unakipokea kikopo mkononi mwake. Hukuona chochote?"

"Sikuona, mama."

Akanishika kichwa, akasema basi, maskini, nawe ulidanganywa kama sisi. Akaingia ndani. Leo usiku atasimama tena nje ya mlango wa choo na taulo lake.

Jumatatu, Mei 20

Niliona.

Aprili mosi niliamka kabla ya kuitwa. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilitoka uani kuchukua ndoo, nikamkuta Kijiti amepanda juu ya tofali, na juu ya ukuta umetokeza mkono mnene wa mtoto, umeshika kikopo chenye kifuniko chekundu. Akakipokea, akageuka, tukatazamana. Hakukimbia. Hakukificha. Alisimama pale kwenye matope na yale mashavu yake, akanisubiri niseme.

Niliwahi kuandika hapa kwamba kukosa la kusema kwangu ni habari, ila asubuhi ile sikulikosa. Nilikuwa nalo mdomoni, neno moja tu, rudisha. Nilifikiria lile dirisha, na barabara ya chini, na yeye kulia bila sauti, na kamera, na mama ambaye kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nilikuwa namsikia anakoroma ndani. Nikaona jinsi ilivyo rahisi, mara moja tu, sisi sote tupumzike. Na baada ya mara moja, zile mbili hazikuhitaji hata kufikiria.

Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza kama amekaza kifuniko.

Akasema, "Nimekaza, kaka."

Nikakizungushia barafu vizuri, nikaandika saa, nikaondoka.